Mama Jenifa na Siku Tatu za Ubao

Ukipita Area D, Dodoma, saa sita mchana, nyuma ya jengo la ghorofa ambalo bado halijapigwa lipu, utamkuta Penina na sufuria zake tatu. Moja ya ugali, moja ya maharage, moja ya mlenda. Mafundi ujenzi wanakuja na vumbi la saruji mpaka kwenye kope, wananawa, wanakaa juu ya ndoo za rangi zilizogeuzwa, wanakula. Wanamwita Mama Jenifa. Si mtu wa maneno mengi. Fundi akisema, "Mama Jenifa, mlenda wa leo nimeukubali," yeye anamwongezea upawa mmoja. Hilo ndilo jibu lake.

Jenifa mwenyewe ana miaka kumi na mbili. Anasoma shule ya bweni ya watoto viziwi, na likizo ikifika anakuja kukaa na mama yake pale jikoni, anaosha sahani. Alizaliwa akiwa anasikia. Alipokuwa na miaka minne akaugua homa ya uti wa mgongo, akalala hospitalini siku kumi na moja, akaamka mzima kila mahali isipokuwa masikio. Penina hazisimulii siku zile kwa kulia. Husema tu, "Nilimwomba Mungu anirudishie mtoto, akanirudishia. Ningesema nini tena?"

Lakini kuna jambo moja kuhusu Penina ambalo lazima lijulikane kwanza, nalo lilianzia kwao, Kibakwe.

Kibakwe ni vilima na mashamba, na kati ya vilima yanapita makorongo. Korongo la kwao Penina lilikuwa kavu zaidi ya nusu ya mwaka, mchanga mtupu. Ukitaka maji unachimba kwa mikono mpaka kiwiko kinazama, halafu unasubiri yajikusanye, unayachota kwa kikombe taratibu. Siku ya jambo hilo Penina alikuwa na miaka tisa. Alikuwa ameinama kwenye shimo lake, mbuzi sita wa baba yake wako pembeni, jua linawaka, juu yao hakuna hata wingu. Kumbe huko vilimani mvua imenyesha. Maji ya namna hiyo hayapigi hodi. Unasikia mngurumo kama lori linapanda mlima, na ukisema ngoja nitazame ni nini, umeshachelewa.

Yeye kichwa chake kilikuwa shimoni, hakusikia kitu. Aliyesikia ni jirani yao, mzee Bartolomayo, aliyekuwa ukingoni na ng'ombe wake. Akavua shuka, akaliinua juu, akalitupa upande. Akaliinua tena, akalitupa upande. Watoto wote wa pale waliijua ishara ile: toka, panda ukingoni, usiulize. Penina alipoinuka kumimina kikombe kwenye ndoo, akaliona shuka, akakimbia. Mbuzi wote sita walikwenda na maji. Ndoo ilikwenda. Yeye akabaki juu ya ukingo, ameshikilia kikombe.

Mzee Bartolomayo aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila Penina alipokwenda nyumbani alimpelekea sukari. Mzee alikuwa anacheka. "We mtoto, sukari ya mbuzi sita hii, mbona haiishi?"

"Haiishi, babu," Penina alimjibu.

Basi Jenifa alipopoteza masikio, ishara ya kwanza ambayo mama yake alimfundisha, kabla ya ishara ya chakula, kabla ya ishara ya maji, ilikuwa ile. Mkono juu, utupe upande. Toka. Bodaboda inakuja, mkono. Lori la kokoto linarudi nyuma, mkono. Mbwa wa jirani amefunguliwa, mkono. Na Jenifa alitii hapo hapo bila hata kugeuka kutazama anakimbia nini. Penina aliona mambo yako sawa. Mtoto yuko hai.

Ila alipofika miaka kumi na mbili, Jenifa akaanza kutii huku amekunja uso. Siku moja akaweka chini sahani aliyokuwa anaiosha, akamwambia mama yake kwa mikono, mbele ya mafundi: "Kila siku unaniambia toka. Hujawahi kuniambia nenda."

Penina akageukia sufuria akakoroga maharage, kama mtu ambaye hajaona. Lakini alikuwa ameona, na maneno yale yalimkaa kifuani wiki nzima.

Sasa Penina ana mdogo wake, Optatus, ambaye alikwenda Dar es Salaam miaka mingi iliyopita na huko anakaanga mihogo kwenye ufukwe wa Coco. Mwezi wa sita, likizo ilipoanza, Optatus alituma video kwenye simu ya dada yake. Ndani yake alionekana binti wa umri wa Jenifa, amesimama juu ya ubao, wimbi linamsukuma kuelekea ufukweni, mikono ameitandaza. Chini Optatus aliandika: kijana anayefundisha hapa ni rafiki yangu, anaitwa Nurdini, amekula mihogo yangu miaka mitatu, anasema mlete mpwa wako.

Jenifa aliitazama ile video mpaka simu ikazima. Akaichaji kwa Edina, jirani yao, akaitazama tena. Halafu akamwambia mama yake: "Nataka kusimama pale."

Penina hakulala vizuri siku kadhaa. Maji na yeye walikuwa wameachana siku nyingi. Hata mvua ikinyesha kubwa Area D, mtaro ukaanza kupiga kelele, anaingia ndani anafunga mlango. Lakini kila alipotaka kusema hapana, anamwona mtoto na ile sahani chini. Mwisho akamwachia Edina sufuria, akawaaga mafundi kwamba atakosekana siku chache, wakapanda treni ya umeme wao wawili. Alikuwa amejiambia jambo moja tu: safari hii, mtoto huyu hataambiwa toka.

Walifika ufukweni siku ya kwanza saa tatu asubuhi. Optatus aliwapokea na sahani mbili za mihogo na kachumbari, akamwita Nurdini. Nurdini alikuwa kijana mwembamba, nywele zimegeuka rangi kwa chumvi na jua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za hapa?"

"Nzuri tu. Poleni na safari. Huyu ndiye bingwa wangu?" Akamnyooshea Jenifa mkono, wakasalimiana. Halafu akakaa chini kwenye mchanga, akawa mkweli. "Mama, watoto wengine nawafundisha kwa sauti. Mimi nakuwa nyuma yao, nasukuma ubao, wimbi likishaushika napiga kelele, simama! Huyu hatanisikia. Na akigeuka nyuma kunitazama, anaanguka. Inatakiwa mtu asimame mbele yake, upande wa huku ufukweni, ndani ya maji. Mtoto amtazame yeye. Huyo mtu ndiye atakayeliona wimbi na kumpa ishara."

"Optatus hawezi?" Penina akauliza.

Optatus akainua kijiko chake cha matundu. "Dada, mimi nina mihogo kwenye mafuta."

"Kama hakuna mtu," Nurdini akasema, "siwezi kumwingiza. Sitamdanganya mtoto wa watu."

Penina akayatazama maji. Yalikuwa yanajaa. "Yatanifika wapi?"

"Kiunoni."

"Kiuno cha nani?"

Vijana waliokaa juu ya ukuta wa ufukweni wakaangua kicheko. Nurdini naye akacheka. "Cha kwako, mama. Naapa."

Kwanza Jenifa alijifunza pale mchangani. Ubao wenyewe ulikuwa wa sponji, mrefu kuliko yeye, una kamba ya kufunga mguuni. Analala kifudifudi, viganja chini ya mabega, anajisukuma, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamekunjwa. Alipata baada ya muda mfupi sana. Mtoto asiyesikia ana macho yanayosikia. Alimtazama Nurdini mara mbili, ya tatu akafanya mwenyewe.

Halafu wakaingia majini. Penina alikuwa amevaa gauni, suruali ya kubana ndani yake, kitenge kiunoni na kilemba. Maji yalipomgusa magoti alisimama akasema jambo kimoyomoyo, kisha akaendelea. Akafika mahali Nurdini alipomwonyesha, akageuka, akawa anaitazama bahari. Mbele yake, hatua kama ishirini, Jenifa amelala juu ya ubao, uso umejaa furaha. Nyuma ya Jenifa yuko Nurdini. Nyuma ya Nurdini, wimbi.

Lilikuja na ule mngurumo. Povu likavunjika, likamshika Jenifa, ubao ukakaza mwendo. Jenifa akajisukuma, mguu wa mbele ukakaa, halafu akaruka upande kama paka aliyemwagiwa maji.

"Si mbaya!" Nurdini akapaza sauti. "Tena!"

Mara ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Ya saba. Kila mara miguu inakaribia kukaa, kisha mtoto anaruka upande. Nurdini akashika kiuno. "Mimi sijawahi kuona. Mgongo umekaa, miguu imekaa, halafu anaruka mwenyewe. Hajaangushwa."

Jenifa akauburuta ubao mpaka kwa mama yake, akauachia. Akasema kwa mikono, kwa hasira: "Wewe ndiye unaniambia toka!"

"Mimi?" Penina akajibu kwa mdomo na kwa mikono pamoja. "Sijainua mkono mimi."

"Umeinua, mama!" kijana mmoja akapiga kelele kutoka ukutani. "Mara zote!"

"Mimi nikadhani unasimamisha basi la Dodoma!" akadakia mwenzake, na ukuta mzima ukacheka.

Penina akautazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwingine. Hakuwa na habari nao. Mngurumo ulipokuja, mkono ulipanda wenyewe, ukatupa upande, na mtoto akatii, kama alivyofundishwa miaka minane. Alikuwa amesafiri njia yote hiyo ili asimwambie toka, na amemwambia mara saba.

Wakakaa kwenye mchanga. Akamweleza Nurdini habari za korongo, za mbuzi, za shuka la mzee. Nurdini alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Mimi mwenyeji wa Kigamboni, mama," akasema. "Kelele hii nimelala nayo tangu mtoto. Nikienda bara usiku kimya, silali. Kwa hiyo nakuelewa, ila kinyume. Tutajaribu kesho."

Siku ya pili Penina alikuja na ujanja. Alikunja ncha mbili za kitenge, akazikamata kwenye ngumi kwa nguvu, akajiapia kwamba hataziachia. Na kweli, wimbi lilipokuja mikono haikupanda. Miguu ndiyo iliyoondoka. Aligeuka akakimbia, maji yanaruka huku na huku, mpaka akajikuta amesimama kwenye mchanga mkavu, bado ameshikilia kitenge. Nyuma yake Jenifa alikuwa ameinua kichwa kutafuta mama amekwenda wapi, na ubao ukampindua.

"Mama Jenifa!" wale wa ukutani wakamwita. "Wewe ndiye umefika wa kwanza!"

"Mpeni ubao yeye!"

Akarudi. Akakimbia tena. Akarudi. Mara ya nne hakukimbia, lakini uso wake ulikuwa umepauka kwa hofu, na Jenifa, ambaye anasoma uso kabla ya mikono, akashika ubao kwa mikono yote miwili, hakuthubutu kuinuka. Kisha maji yakaanza kupwa, miamba ikatokeza, Nurdini akasema basi kwa leo.

"Tumebakiza kesho tu, keshokutwa mnarudi kwenu," akasema, akijifuta uso. "Mtoto anaweza, mama. Mimi nakwambia anaweza."

Jenifa hakugusa mihogo. Alikaa akachora mistari mchangani kwa kidole. Halafu akamgeukia mama yake, hana hasira tena. "Turudi Dodoma tu. Si kosa lako."

Penina angependa zaidi ile hasira ya jana. Alimshika mtoto mguu, ule uliokuwa na alama ya kamba, akasema, "Kesho bado ipo."

Asubuhi ya siku ya tatu walikuwa kwa Optatus. Nyumba anayopanga haina bomba. Maji huchotwa kwa jirani mwenye kisima, nyumba ya nne. Penina na Jenifa wakaenda na ndoo ya lita kumi. Ikajaa. Jenifa akaweka ngata ya kanga kichwani, mama yake akamtwisha.

Na kumtwisha mtu ndoo kuna utaratibu wake. Wao walikuwa wameufanya tangu Jenifa ana miaka saba. Mnasimama uso kwa uso. Anayetwishwa anakunja magoti. Mnainua pamoja, huyu huku, huyu huku, mpaka ndoo ikae juu ya ngata. Hapo anayetwisha haondoi mikono. Anamtazama mwenzake machoni, anasubiri shingo itulie. Ikitulia, anatoa pumzi kwa mashavu, fuuu, kidevu kinapanda kidogo. Ndipo mwenye ndoo ananyoosha magoti, polepole, macho mbele. Hatazami miguu yake. Na anayetwisha habanduki pale, hata nyuki akija, maana ndoo iko kati yenu, na ukiondoka umemmwagia mtoto.

Penina akatoa pumzi, akapandisha kidevu. Jenifa akasimama, ametulia, ndoo haikudondosha hata tone. Penina akabaki palepale, mikono miwili hewani, haina kitu.

Jenifa akamwuliza kwa mkono mmoja, "Nini?"

"Tua," mama yake akamwambia. "Tua, turudie."

Wakatua. Wakatwishana tena. Wakatua. Wakatwishana. Safari hii Penina alikuwa anajitazama mwenyewe: mikono inafanya nini, miguu iko wapi, uso ukoje. Mama mwenye kisima alikuwa mlangoni na mswaki mdomoni.

"Jamani, mnachota au mnacheza?"

"Tunajifunza, dada," Penina akasema.

"Kubeba ndoo? Huko kwenu Dodoma hakuna ndoo?"

"Zipo. Ila hatukujua zina kazi mbili."

Akamweleza Jenifa wakiwa njiani, ndoo kichwani, kwa ishara chache. Jenifa alielewa kabla hajamaliza. Aliongeza mwendo mpaka maji yakaanza kumdondoka shingoni.

Kule Coco, Nurdini hakuelewa. "Ndoo? Ndoo gani?"

"Wewe sukuma ubao, baba. Mengine tuachie."

Penina akaingia majini. Akasimama mahali pake, maji kiunoni. Mbele yake Jenifa amelala juu ya ubao, kidevu juu, macho yamemkazia mama yake. Penina akainua mikono miwili mbele ya kifua, ameitanua upana wa ndoo, vidole vimekunjwa kama vinashika ukingo wake.

Mngurumo ukaja.

Mwili wake wote ulitaka ukingo. Mkono wa kulia ulitaka kupanda, aliusikia unavyovuta begani. Lakini mkono ulikuwa na kazi, umeshika ndoo. Miguu ilitaka kuondoka, lakini nani anaondoka mtoto akiwa chini ya mzigo? Akamtazama Jenifa machoni. Povu likamfikia mtoto, ubao ukaruka mbele, ukayumba. Bado. Penina akasubiri. Ubao ukayumba tena, ukanyooka, ukatulia kama inavyotulia shingo.

Fuuu. Kidevu juu.

Jenifa akajisukuma. Mguu mbele, mguu nyuma, magoti yamekunjwa. Kisha akayanyoosha, polepole, macho mbele, hakutazama miguu. Akasimama.

"Nyie!" Optatus akapiga kelele kule kwenye mihogo. "Amesimama! Nyie, amesimama!"

Jenifa alikuja moja kwa moja kuelekea kwa mama yake, mrefu kuliko alivyowahi kuwa, nywele zimeloa, mdomo wazi. Akampita kwa umbali wa mkono mmoja. Penina hakubanduka. Akageuza kichwa amfuate kwa macho, na hapo hapo wimbi lenyewe likamkuta, likamchota, likamzungusha, likamwekea mchanga masikioni. Alipoibuka kilemba kilikuwa kimekwenda, maji yanamtoka puani, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Amefika?"

"Amefika, mama!" wakajibu vijana wa ukutani, wote kwa pamoja, na safari hii hakuna aliyemtania. Mmoja wao aliingia majini na viatu, akamtafutia kilemba chake, akampa kwa mikono miwili.

Jenifa alikuwa ufukweni, bado amesimama juu ya ubao uliokwama mchangani, kama mtu anayeogopa akishuka jambo litafutika. Halafu akashuka, akaubeba ubao, akarudi mbio majini. "Tena!"

Wakafanya tena. Mara nyingine alisimama, mara nyingine alianguka, na akianguka alikuwa ameangushwa na bahari, si na mama yake. Wimbi la sita, Penina aligundua kwamba mngurumo anausikia na moyo unadunda, ila haumwambii kitu. Unapita tu. Alishangaa. Miaka yote ile alidhani hofu ni lazima iondoke kwanza ndipo mtu asimame.

Walipopumzika alitoa mfuko wa nailoni kwenye kikapu, akampa Nurdini. Ndani yake kulikuwa na unga wa kijani.

Nurdini akaunusa. "Ni dawa, mama?"

"Mboga. Mlenda mkavu wa kwetu. Sina kingine cha kukushukuru nacho ambacho ni changu mwenyewe."

"Ukiupika, kaka," Optatus akasema, "unateleza kuliko ubao wako."

Nurdini akacheka, akaufunga mfuko vizuri, akauweka kwenye begi lake karibu na simu. Kisha akajikuna shingo, kama mtu mwenye ombi zito. "Mama, bado saa moja maji hayajapwa. Naomba nimpeleke kule." Akaonyesha nje ya povu, mahali mawimbi yanapoanza kuinuka, ya bluu, hayajavunjika. "Haya tunayochezea hapa yameshakufa. Wimbi zima liko kule. Nitakuwa naye mimi, mbele yake kidogo, kwenye ubao wangu."

"Kule nafika?"

"Wewe hufiki, mama. Kule hakuna chini."

Penina akatazama kule nje ya povu. Jenifa alikuwa anatazama midomo yao, mmoja baada ya mwingine, na alikuwa ameshajua. Hakuomba. Alisimama tu na ubao wake.

"Fanya nione," Penina akamwambia Nurdini.

Nurdini akainua mikono upana wa ndoo, akavimbisha mashavu kama anapuliza moto, fuuuu, akapandisha kidevu mpaka akatazama mbingu. Jenifa akacheka, kile kicheko chake kikubwa kisichojua kiasi chake.

"Punguza mashavu," Penina akasema. "Na umtazame machoni. Usimpe mpaka ubao utulie."

"Mpaka utulie, mama."

Akamgeukia mtoto wake. Kulikuwa na mengi ya kumwambia: shika kamba, funga mdomo, usiende mbali na mwalimu. Akayaacha yote. Akanyoosha mkono mbele, kuelekea baharini, kiganja wazi.

"Nenda."

Jenifa alilitazama neno lile kwa muda, lilivyokaa kwenye mkono wa mama yake. Halafu akaenda.

Penina alirudi mchangani mkavu, akasimama huku maji yanamchuruzika. Akawaona wanapiga makasia kwa mikono, wanapanda juu ya wimbi, wanashuka nyuma yake, wanaonekana, hawaonekani. Moyoni alikuwa anashukuru, bila kupanga, kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba, moja moja: treni iliyowaleta, Edina aliyeshika sufuria, mdogo wake na mihogo yake, kijana huyu wa watu ambaye hakutaka kumdanganya mtoto.

"Dada, kaa basi ule," Optatus akamwita. "Inapoa."

"Nitakula. Ngoja kwanza."

Kule mbali mmoja akainuka, akaanguka. Penina akafunga ngumi, akafungua. Wakakaa kule muda mrefu. Kisha likaja wimbi moja pana, likainuka taratibu, na juu yake akaonekana mtu mdogo analala, anajisukuma, anasimama. Alishuka nalo upande upande, mbali na povu, mikono ameitandaza, hana haraka. Penina aliuona uso wake ulipokaribia. Alikuwa akimtafuta mama yake kila aliposimama, asubuhi yote, na Penina akajiandaa, akapandisha kidevu kidogo ili macho yale yakija yamkute yuko tayari.

Hayakuja. Jenifa alikuwa anatazama mbele, kule wimbi linakompeleka. Akapita, akaenda kuishia mbali kabisa, karibu na wavulana wanaocheza mpira, akageuka hapo hapo, akaanza kurudi baharini peke yake kumfuata mwalimu.

Penina akakaa chini kwenye mchanga. "Asante, Baba," akasema, na hakuwa anamwambia mtu pale ufukweni. Halafu akamnyooshea mdogo wake mkono. "Leta sahani sasa. Na pilipili weka."